Shibe na Kitoweo: Lugha ya Mezani baada ya Upasuaji wa Kupunguza Mfuko wa Chakula

Makala haya yanadhamiria kuchunguza msamiati wa kula ambao mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito hukumbana nao miaka mingi baada ya kidonda kupona. Mfano wangu ni wa Mumias, na ni wa nyumbani. Shangazi yangu alifanyiwa upasuaji huo jijini Nairobi, akarejea akiwa na mwili mwepesi na magoti yasiyouma. Katika mwaka wa nne uzito ulianza kurudi. Ukoo ukanena kwamba madaktari walimdanganya. Mimi ninadai kwamba, kwa kiasi fulani, aliyemdanganya ni lugha tuliyompa sisi.

Tuanze na istilahi yenyewe. 'Upasuaji wa kupunguza uzito' hutaja tokeo na kuficha tendo, kwani kisu hakigusi uzito. Katika aina inayofanywa sana siku hizi, daktari huondoa takribani asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, akabakiza kitu mfano wa mrija mwembamba. Katika aina nyingine hutengwa kifuko kidogo upande wa juu na kuunganishwa na utumbo mwembamba, chakula kikapita njia ya mkato. Wapo wanaosema 'kupunguza tumbo', lakini neno tumbo limebeba mengi: ni kiungo, ni kitambi, ni mimba, ni ulafi. Majirani zetu waliamini kwamba shangazi 'alitolewa mafuta'. Aliyetolewa mafuta kazi yake imekwisha. Aliyepunguziwa mfuko wa chakula ndiyo kwanza anaanza. Kwa hiyo napendelea 'upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula'. Ni istilahi ndefu, lakini haina uongo ndani yake.

Pili, kitenzi shiba. Hiki ni kitenzi cha hali, nasi hukitumia karibu kila mara pamoja na kiambishi -me-: nimeshiba, umeshiba? Ni nadra kumsikia mtu mezani akisema 'ninashiba'. Yaani Kiswahili hutangaza shibe baada ya kutimia, wakati jambo limekwisha kutendeka. Mwenye mfuko mdogo hana anasa hiyo. Akingoja hadi aseme nimeshiba, amekwisha kuvimbiwa, na tonge moja la ziada litamletea kichefuchefu au kutapika. Analazimika kuikamata shibe ikiwa njiani: kwikwi ya ghafla, uzito chini ya kidari, pengine kamasi jembamba. Ndiyo maana huambiwa ale polepole na kutafuna sana. Shangazi alijifunza kusema 'ninashiba', na watoto wakamcheka kwamba Kiswahili kimempotea. Kwangu mimi, hakuna aliyewahi kukitumia kitenzi hicho kwa usahihi zaidi.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika neno kitoweo. Kitoweo, kwa maana yake, ni kisindikizo. Chakula chenyewe ni ugali. Kwetu Uwanga jambo hili halina mjadala: asiyekula obusuma hajala, hata akimaliza kuku mzima. Lishe ya baada ya upasuaji hupindua mpangilio huu. Nafasi tumboni ni finyu, nao mwili unahitaji protini ili misuli isinyauke. Wataalamu wengi hupendekeza angalau gramu 60 kwa siku. Basi huanza samaki, mayai, maharagwe au ingokho, kisha mrenda, saga au kunde, na tonge la ugali huja mwisho ikiwa nafasi imebaki. Ugali umegeuka kitoweo, na kitoweo kimegeuka chakula. Mtu anaweza kulifanya hilo kimyakimya nyumbani mwake, lakini matangani au harusini kila jicho huona ni upande upi wa sahani ulioanza kupungua.

Hapa pana kejeli moja kuhusu mji wetu. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka 1973, na vizazi vimekua humu vikitafuna muwa njiani na kunywa chai ya maziwa iliyokolea sukari. Mfuko uliopunguzwa huzuia tonge, ila hauzuii kinywaji. Chai tamu, soda na maji ya miwa huteremka bila kuleta shibe yoyote. Kwa waliopitishiwa njia ya mkato, sukari nyingi huweza kuleta jasho, moyo kwenda mbio na kuhara, na angalau hao huonywa na mwili. Wengine hawaonywi. Aidha, homoni inayochochea njaa hutengenezwa kwa wingi katika sehemu ile inayokatwa, hivyo mwaka wa kwanza hamu hupungua sana. Baadaye wengi huiona ikirejea taratibu. Shangazi hakurudia sahani kubwa. Alirudia vikombe. (Vidonge vya vitamini B12, chuma na kalsiamu navyo alikuwa ameviacha, akidhani ni dawa ya kidonda, kumbe ni vya maisha yote.)

Limebaki neno kidogo. 'Ongeza kidogo, mama' si kipimo, ni adabu, na anayekataa hukataa mtu kabla ya kukataa chakula. Shangazi alijaribu 'nimeshiba', akaambiwa hajala. Akajaribu 'daktari amenikataza', wakamhurumia kama mgonjwa, jambo lililomuudhi zaidi. Nilimkumbusha kwamba hapo zamani mwanamke wa Kiluhya hakula kuku, ulikuwa mwiko, wala hakuna mwenyeji aliyeudhika akiukataa. Akanijibu kwamba mwiko ule aliwekewa na wengine, na huu amejiwekea mwenyewe, ndiyo maana hakuna anayeuheshimu.

Neno lililomfaa hatimaye ni la kauli ya kutendea. Sahani inapoletwa hula mnofu kidogo na mboga, halafu humwambia mwenyeji: 'Nifungie.' Mwenyeji hufunga akiwa na furaha, maana chakula chake kimetakiwa hata nje ya nyumba. Desemba iliyopita tulitoka harusini jioni, shangazi akiwa amepakata bakuli lililofunikwa kwa leso. Kabla hatujafika barabara kuu alikuwa amenikabidhi mimi.