Shamba Bila Samadi: Somo kutoka Namtumbo

Boom likichelewa, wengi wetu tunahamia ugali maharage bila hata kikao. Nyama tunaiacha kwa kukosa hela. Lakini tujiulize swali moja zaidi: udongo uliotoa mahindi na maharage hayo, wenyewe umekula nini? Je, shamba linaweza kuzaa mwaka hadi mwaka bila kutegemea mifugo kabisa?

Namtumbo ni mahali pazuri pa kulipima swali hili. Wilaya hii iliyomegwa kutoka Songea inalima mahindi, mpunga, mbaazi, soya, ufuta, korosho na tumbaku. Mkulima wa jembe la mkono asiye na ng'ombe hana samadi, kwa hiyo hutazama dukani. Bei ya mbolea ilipopaa, Serikali ikalazimika kuleta ruzuku msimu wa 2022/23. Ruzuku ni msaada mkubwa, ila haimpi mkulima rutuba iliyo yake mwenyewe.

Rutuba inatoka wapi?

Hewa tunayovuta ina naitrojeni asilimia 78, lakini mahindi hayawezi kuichukua moja kwa moja. Mikunde kama mbaazi, soya na karanga ina vinundu kwenye mizizi, na humo wanaishi bakteria wanaoigeuza kuwa chakula cha mmea. Mbaazi ina faida nyingine: mwanzoni hukua polepole, hivyo haigombani na mahindi yaliyopandwa nayo. Mahindi yakishavunwa, yenyewe inaendelea, inapukutisha majani na kulisha udongo.

Ruvuma haianzi sifuri katika elimu hii. Wamonaki wa Peramiho walieneza marejea, mmea wa jamii ya mikunde unaopandwa kisha kufukiwa ili kurudisha rutuba. Kule Mbinga, Wamatengo wana ngoro: nyasi hulazwa kwa mistari inayokatana, zikafunikwa kwa udongo, katikati yakabaki mashimo. Mashimo yanazuia mmomonyoko mlimani, nyasi zinaoza na kuwa mbolea. Mzee wa Kimatengo hakusubiri semina.

Tusidanganyane

Mikunde haitengenezi fosforasi. Kila gunia linalouzwa mjini linaondoka na sehemu ya madini ya shamba, na majani peke yake hayawezi kurudisha kisichokuwepo. Pia mabaki ya mazao yakichomwa moto au yakiliwa na mifugo ya kupita, hakuna cha kufukia.

Haki iko wapi?

Hapa ndipo penye mzigo. Marejea inashika shamba msimu mzima bila kutoa chakula. Aliyekodi ekari moja kwa mwaka hawezi kuipanda. Akirutubisha leo, kesho mwenye shamba anamchukulia. Mwanamke anayelima ardhi asiyo na kauli juu yake yuko hapohapo. Kwa hiyo udongo mzuri unahitaji kwanza uhakika wa ardhi.

Soko nalo lina lake. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi kutoka nje, bei iliporomoka na wakulima wa kusini wakabaki na magunia. Zao linalolisha udongo haliwezi kudumu kama haliliki nyumbani na mnunuzi ni mmoja.

Na nyumbani ndiko kwenye jambo zito kuliko yote. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa Ruvuma, mkoa unaolisha wengine mahindi, una udumavu wa asilimia 35.6 kwa watoto chini ya miaka mitano, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Debe la mahindi halimtoshi mtoto. Udumavu una sababu nyingi, lakini soya na mbaazi zikibaki jikoni kabla ya kwenda ghalani, udongo na mtoto wote wanapata sehemu yao.

Ya kujadili

1. Mkataba wa kukodi shamba uweje ili mpangaji athubutu kupanda marejea?
2. Fosforasi irudishwe vipi pasipo mifugo?
3. Kafeteria yetu ikinunua mbaazi kwa vyama vya ushirika vya Ruvuma, nani atanufaika, na nani atapinga?