Kubadili Madirisha ya Nyumba Kabla ya Masika
Somo kwa Wakulima wa Mpanda na Mkoa wa Katavi



Kila mwaka, mvua zinapoanza mwezi wa Novemba, nyumba nyingi za nchi hii huonyesha ubovu wake. Maji hupenya pembeni mwa dirisha, ukuta hulowa, nguo huota ukungu, na gunia la mahindi lililoegemezwa ukutani huanza kunuka. Mvua huendelea hata mwezi wa Aprili, na baada yake huja usiku wa baridi wa Juni na Julai. Watu wakiisha kuuza tumbaku, mahindi au mpunga, wengi huazimu kung'oa madirisha ya zamani na kuweka mapya. Shauri hilo ni jema. Lakini fedha ya mavuno ni moja, na dirisha lililochaguliwa vibaya laweza kumla mtu fedha hiyo na kumwachia unyevu ule ule. Somo hili lakufundisha jinsi ya kuchagua.

1. Kazi ya dirisha

Dirisha lina kazi nne: kuzuia mvua, kuingiza hewa, kuingiza mwanga, na kuzuia mbu na mwizi. Usilipime dirisha kwa uzuri wake likiwa dukani. Lipime kwa kazi hizi nne. Dirisha lenye kung'aa lakini lisiloingiza hewa ya kutosha si dirisha jema, maana pumzi za watu waliolala, mvuke wa chakula na mazao yasiyokauka vema hutoa maji mengi hewani. Maji hayo yasipopata njia ya kutoka hugeuka matone chini ya mabati usiku, nayo hudondoka juu ya vitanda na magunia. Hata kifua kikuu huenea upesi zaidi katika chumba kisichopitisha hewa.

2. Tazama ukuta kwanza

Kabla ya kumwita fundi, tafuta maji yanatoka wapi. Baada ya mvua kubwa, ingia ndani ukatazame alama za unyevu.

(a) Alama ikianzia chini, karibu na sakafu, maji yatoka ardhini. Dirisha jipya halitasaidia. Chimba mfereji wa kuondoa maji kando ya nyumba.

(b) Alama ikianzia juu, chini ya paa, kosa ni la paa. Huenda bati limetoboka, au upenu ni mfupi mno. Upenu unaotokeza sentimeta 60 au zaidi huukinga ukuta na dirisha pia.

(c) Alama ikianzia pembe za chini za dirisha na kushuka, hapo ndipo kosa lilipo dirishani.

Tazama tena ni ukuta upi upigwao zaidi na mvua ya upepo. Ukiwa na fedha ya dirisha moja tu, anza na ukuta huo, katika chumba wanacholala watoto au mnamowekwa chakula.

3. Aina za madirisha

Dirisha la mbao tupu. Hili ni rahisi kutengenezwa na kila seremala. Likifunguka kwa nje na kulalia vema juu ya fremu, huzuia mvua sawasawa, na likifunguliwa huacha nafasi yote wazi. Kosa lake ni giza: siku ya mvua likifungwa, chumba huwa usiku. Dawa yake ni kumwambia seremala atie kipande cha kioo katika sehemu ya juu ya kila ubawa.

Dirisha la chuma na kioo. Hili ni imara dhidi ya mwizi na mchwa. Lakini chuma hula kutu hasa katika kona za chini ambako maji husimama. Lahitaji rangi ya kuzuia kutu kabla halijawekwa, na rangi mpya kila kutu inapoonekana.

Dirisha la luva, yaani vipande vya kioo vilivyopangwa kama magamba ya samaki. Huingiza hewa nyingi, lakini halifungi kabisa. Mvua ya upepo, vumbi na baridi hupenya kati ya vipande. Lafaa ukuta uliokingwa na baraza, wala halifai ukuta upigwao na mvua.

Dirisha la alumini la kusukuma. Hili halioti kutu kama chuma wala haliliwi na mchwa, nalo lapendwa sana siku hizi mjini Mpanda na vijijini. Lakini ujue jambo moja: kioo kimoja hupita nyuma ya kingine, kwa hiyo hufunguka nusu tu. Tena reli yake ya chini ina vitundu vya kutolea maji. Vikizibwa na vumbi au lipu, maji hufurika ndani. Ukilichagua, lifanye kubwa zaidi, na usafishe vitundu hivyo kabla ya masika.

Katika nchi za baridi kali kama Uingereza, watu huweka vioo viwiliviwili ili joto la nyumba lisitoke. Kwako gharama hiyo haina faida. Baridi ya Katavi ni ya miezi michache, na nyumba nyingi hupoteza joto kwa mapengo ya paa kuliko kwa kioo.

4. Ukubwa

Kanuni ya zamani ya wajenzi ni kwamba dirisha liwe angalau sehemu moja ya kumi ya sakafu. Chumba cha mita 3 kwa mita 3 kina sakafu ya mita za mraba 9. Basi dirisha liwe karibu mita 1 kwa sentimeta 90. La kusukuma lenye ukubwa huo litakupa nusu tu ya njia ya hewa. Ikiwezekana, weka madirisha katika kuta mbili zinazokabiliana ili hewa iingie huku na kutoka huku. Dirisha moja pekee halipitishi hewa vizuri, hata likiwa kubwa.

5. Mbao

Nchi yako ina mti bora wa kazi hii, nao ni mninga. Mbao zake zikikauka hazijipindi sana, wala mchwa hazipendi. Lakini wema huo umo katika moyo wa mti, ile sehemu ya rangi ya hudhurungi. Sehemu ya nje iliyo nyeupe huliwa na wadudu upesi. Usiikubali katika fremu. Mtundu hujipinda na kuoza, usiutumie dirishani. Mbao za msindano zitokazo mashamba ya miti ya Iringa zafaa ikiwa zimetiwa dawa.

Usinunue mbao mbichi, ijapokuwa ni za mninga. Mbao mbichi hunywea zikikauka, na mwanya utakaobaki ndio njia ya maji. Zipange kivulini, juu ya vijiti, hewa ipite kati yake, kwa miezi kadhaa. Hivyo atakayebadili madirisha mwezi wa Septemba yampasa anunue mbao mapema.

Kukata mninga au mkurungu bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Nunua kwa muuzaji mwenye stakabadhi, na mbao zilizogongwa nyundo ya misitu. Rahisi ni ghali: mbao zisizo na karatasi zaweza kukamatwa njiani, ukakosa mbao na fedha pia.

6. Kuweka dirisha

Dirisha zuri likiwekwa vibaya huvuja. Simama karibu na fundi, ukaangalie mambo haya:

(a) Pima nafasi ukutani mahali patatu kwa upana na mahali patatu kwa urefu. Agiza fremu kwa kipimo kilicho kidogo kuliko vyote, ukipunguza sentimeta 1 kila upande.

(b) Kizingiti cha chini kiinamie nje, kisiwe tambarare. Kitokeze nje ya ukuta kwa sentimeta 5, na chini ya ncha yake kichongwe kijifereji. Maji yakifika hapo hudondoka chini, wala hayarudi ukutani. Mfereji huu mdogo haugharimu kitu, nao huokoa ukuta.

(c) Fremu isimamishwe kwa timazi na pima maji, ifungwe ukutani kwa vyuma, kisha mianya yote izibwe kwa saruji. Ukuta wa matofali mabichi usiachwe bila lipu kuzunguka dirisha.

(d) Upande wa fremu utakaogusa ukuta upakwe dawa ya mbao au rangi kabla ya kuwekwa, maana baadaye haufikiki. Oili chafu ya gari isipakwe ndani ya chumba cha kulala, kwa kuwa ina sumu.

Usimlipe fundi fedha yote kabla ya kujaribu. Mwaga ndoo mbili za maji juu ya dirisha kwa nje, kisha uingie ndani ukatazame.

7. Wavu wa mbu

Mbu waenezao malaria huuma hasa usiku. Wavu wenye matundu 16 au 18 kwa kila inchi huwazuia. Usiupigilie misumari ndani ya dirisha lifungukalo kwa nje, maana utashindwa kulifunga mvua ikija. Utie katika fremu nyembamba yenye bawaba, ifungukayo kwa ndani.

Lakini ujue kwamba mbu wengi hupita katika mapengo kati ya ukuta na paa. Anayeweka wavu dirishani na kuyaacha mapengo hayo amefunga mlango mdogo na kuacha mkubwa. Utafiti uliofanywa Gambia na kutangazwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilizowekewa wavu milangoni na madirishani, na kuzibwa mapengo ya paa, ziliingiwa na mbu chini ya nusu ya walioingia nyumba nyingine. Tena watoto wenye upungufu wa damu walikuwa wachache. Hata hivyo, chandarua kiendelee kutumika.

Ukiziba mapengo ya paa umeziba pia njia ya hewa. Kwa hiyo dirisha ni lazima liwe la kutosha na lifunguliwe kila siku mvua inapokatika.

8. Chakula na dirisha

Usiweke magunia chini ya dirisha wala yasiguse ukuta. Yainue juu ya mbao. Mahindi yenye unyevu huota kuvu yenye sumu, nayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Dirisha linalovuja ghalani ni hatari kuliko linalovuja barazani.

9. Mwenye fedha kidogo

Ikiwa fedha haitoshi madirisha yote, fuata utaratibu huu. Kwanza rekebisha upenu na mfereji wa maji. Pili, chonga kizingiti kiiname, na uzibe mianya ya fremu ya zamani. Huenda dirisha lenyewe bado zima. Tatu, weka wavu na kuziba mapengo ya paa katika chumba cha watoto. Nne, badili dirisha moja la ukuta upigwao na mvua, liwe la mninga uliokauka, lenye kufunguka kwa nje. Mwaka ujao utabadili jingine.

Kazi ianze Agosti na kuisha kabla ya mwisho wa Oktoba, ili saruji na rangi zikauke. Mvua ya kwanza itakapopiga, ingia ndani ukapitishe mkono chini ya kila dirisha. Mkono ukitoka mkavu, fedha yako imefanya kazi.