SOMO LETU: PIKIPIKI YA STIMA IMESHUKA BEI. JE, KIKUNDI KINUNUE?



Katika somo hili tunaangalia jambo ambalo vijana wetu wa bodaboda wanalizungumzia kila siku pale steji, yaani pikipiki zinazotumia stima badala ya petroli. Wengine wanasema ni mkombozi. Wengine wanasema ni mchezo wa watu wa mjini. Sisi hatutaki kumsifu mtu wala kumkataza mtu. Tunataka kikundi kielewe vizuri kabla ya kuingia mkopo, kwa sababu mkopo wa pikipiki moja ukiharibika, wanaoumia ni wanachama wote waliodhamini.

Tunaomba mwenyekiti au katibu asome somo hili kwa sauti, asimame mwisho wa kila sehemu, na watu wajadiliane.

1. Kwa nini tuanzie India?

Angalia pikipiki zilizopangwa steji. Nyingi ni Boxer au TVS. Boxer hutengenezwa na kampuni ya Bajaj ya mji wa Pune, na TVS pia ni ya India. Kwa hiyo mambo yanayofanyika kwenye viwanda vya kule huweza kutufikia hapa baada ya miaka michache. Ni vizuri tujue wenzetu wanaelekea wapi.

Kampuni hizi ni za zamani. Bajaj ilianza kutengeneza skuta ya petroli iitwayo Chetak mwaka 1972, ikaiita kwa jina la farasi mashuhuri wa mfalme wa zamani wa Wahindi. Familia nyingi zilingoja miaka kupata moja. Baadaye watu wakapenda pikipiki zaidi, na skuta hiyo ikaachwa kutengenezwa. Lakini mwezi Oktoba 2019 Bajaj ilionyesha Chetak mpya isiyo na tangi la petroli, na Januari 2020 ikaanza kuiuza. Mwezi huohuo TVS nayo ikatoa skuta yake ya stima, iQube.

Hero, ambayo tangu mwaka 2001 imejulikana kama kampuni inayotengeneza pikipiki nyingi kuliko zote duniani, ilichelewa. Ilitoa skuta ya stima iitwayo Vida mwezi Oktoba 2022. Honda ya India ikafuata mwishoni mwa 2024 na skuta yenye betri mbili za kuchomoa na kubadilisha.

2. Ni nini kiliwasukuma?

Hebu jiulize: mtu anayeuza mamilioni ya pikipiki za petroli, kwa nini ahangaike na stima? Tunaona sababu tatu.

Ya kwanza ni ushindani. Kampuni changa zisizojua petroli kabisa, kama Ather na Ola Electric, zilianza kuwachukulia wateja. Mwenye duka akiona wateja wanapita kwenda duka jipya, lazima afikirie.

Ya pili ni bei ya mafuta. Mwaka 2021 petroli ilipita rupia 100 kwa lita katika miji mingi ya India, na wananchi wakalia.

Ya tatu ni msaada wa serikali. Serikali ilipunguza gharama kwa kila skuta ya stima iliyouzwa, na mwezi Juni 2021 ikauongeza msaada huo. Lakini Juni 2023 iliupunguza, na bei zikapanda tena. Hapa kuna funzo: msaada wa serikali huja na huondoka. Usipange hesabu ya miaka mitatu kwa kutegemea nafuu ya mwaka mmoja.

3. Bei ilishukaje?

Vida ya kwanza ya mwaka 2022 iliuzwa karibu rupia 145,000. Mtu wa kawaida hakuiweza. Ndipo makampuni yakatafuta njia, nazo ni hizi:

(a) Betri ndogo zaidi. Mwezi Mei 2024 TVS ilitoa iQube yenye betri ya kilowati-saa 2.2, kwa bei chini ya rupia 100,000. Bei nafuu, lakini mwendo mfupi.

(b) Kuondoa mapambo. Kioo kidogo cha kusomea mwendo, spidi ya chini, vitu vichache vya kuharibika.

(c) Bei ya betri duniani. Betri za lithiamu zilishuka bei zaidi ya mara tano kati ya 2013 na 2024.

(d) Kuuza pikipiki bila betri. Mwezi Julai 2025 Hero ilitoa Vida ambayo mteja angeweza kuinunua kwa chini ya rupia 60,000, betri akailipia kidogo kidogo, karibu rupia moja kwa kila kilomita.

Mwaka huohuo wa 2025, Bajaj na TVS zilitoa skuta mpya zilizoanzia karibu rupia 100,000, na TVS ikamaliza mwaka ikiwa ya kwanza India kwa kuuza skuta za stima. Kwa hiyo wale wazee wa petroli waliwafikia vijana na kuwapita. Walikuwa na viwanda, maduka na mafundi kila mahali. Mtu hununua kitu ambacho anajua kitatengenezwa.

4. Betri ndiyo moyo

Ukiondoa betri, pikipiki ya stima ni chuma na magurudumu tu. Basi tuielewe.

Betri hupimwa kwa kilowati-saa. Usiogope jina hilo. Kilowati-saa moja ni ile uniti moja unayonunua kwa tokeni ya stima nyumbani. Betri ya kilowati-saa 3 inabeba uniti tatu. Pikipiki ndogo hutumia uniti moja kwa kilomita 25 hadi 35 hivi. Ukibeba watu wawili na gunia la mahindi ukapanda mlima, itatumia zaidi. Kwa hiyo ukiambiwa ati "inaenda kilomita 120", kumbuka kipimo hicho kilifanywa mahali pazuri na mzigo mwepesi.

Betri pia huzeeka. Kila mwaka inabeba kidogo kuliko mwaka uliopita. Huzeeka haraka ikiachwa juani na ikimalizwa kabisa kila siku. Mwaka 2022 skuta kadhaa za stima zilishika moto India, na serikali ikakaza sheria za usalama wa betri kuanzia Desemba 2022. Basi tusinunue betri isiyojulikana ilikotoka, na tusitumie chaja ya kubahatisha.

5. Na kwetu je?

Skuta nyingi tulizozitaja zilitengenezwa kwa mtu wa mjini anayekwenda kazini kwa lami. Kazi ya bodaboda yetu ni nyingine: matope, mawe, mama na watoto, mitungi ya maziwa. Kwa sababu hiyo, huku Afrika Mashariki walioanza ni kampuni mpya. Roam hutengeneza pikipiki Nairobi. Ampersand ilianzia Rwanda na kuja Kenya. Spiro nayo imefungua vituo vya kubadilisha betri. Unaacha betri iliyoisha, unachukua iliyojaa, unaendelea na safari kwa dakika chache.

Serikali nazo zimeingia. Mwaka 2023 Kenya iliweka bei maalum ya stima kwa vyombo vya usafiri vya stima, iliyo nafuu zaidi usiku. Rwanda ilisema kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria Kigali ziwe za stima.

Lakini vituo vya betri viko zaidi mijini na barabara kuu. Kama kituo cha karibu kiko kilomita 40 kutoka kijijini, hicho si chako.

6. Tufanye hesabu

Namba hizi ni za mfano tu. Kikundi kiweke bei zake.

Tuseme kijana wetu anaendesha kilomita 100 kwa siku, siku 25 kwa mwezi.

Kwa petroli: kilomita 40 kwa lita ni lita 2.5. Lita ikiwa shilingi 180, ni shilingi 450 kwa siku.

Kwa stima ya nyumbani: kilomita 25 kwa uniti ni uniti 4. Kwa kuwa nyingine hupotea wakati wa kuchaji, tuhesabu uniti 5. Uniti ikiwa shilingi 30, ni shilingi 150 kwa siku.

Ameokoa shilingi 300 kwa siku, yaani 7,500 kwa mwezi. Watu watapiga makofi! Lakini ngojeni. Tuseme betri mpya ni shilingi 90,000 na ya sasa itadumu miaka mitatu. Gawanya 90,000 kwa miezi 36: lazima aweke kando 2,500 kila mwezi. Faida ya kweli ni 5,000. Kama pikipiki ya stima ilizidi ile ya petroli kwa shilingi 60,000, pesa hizo zitarudi baada ya miezi 12.

Kuna jambo jingine. Betri ya uniti tatu, kwa hesabu yetu, inafika kilomita 75. Hizo 25 zilizobaki? Lazima achaji mchana, na saa za kuchaji ni saa bila abiria.

Kwa kubadilisha betri: tuseme kampuni inamtoza shilingi 350 kwa siku. Ameokoa 100 tu, yaani 2,500 kwa mwezi. Lakini hana wasiwasi wa kununua betri mpya. Basi kila njia ina utamu wake na uchungu wake.

7. Maswali ya kumuuliza muuzaji kabla ya kutia sahihi

- Betri ni ya nani? Kama si yetu, logibuku peke yake haitoshi. Tukichelewa kulipa, je, kampuni inaweza kuizima betri kutoka mbali?
- Waranti ya betri ni ya miaka mingapi na kilomita ngapi? Kinachofika kwanza ndicho kinachoimaliza. Iwe kwa maandishi.
- Kampuni ikifungwa, betri ya kampuni nyingine itaingia? Mara nyingi haiingii.
- Fundi na spea viko wapi? Fundi wetu wa jua kali anaijua injini, lakini mota na waya za betri zahitaji mafunzo. Je, kampuni itamfundisha?
- Stima hapa kwetu hupotea siku ngapi kwa mwezi? Waya za nyumba zimewekwa na fundi anayejua?

Ushauri wetu

Msikimbilie kununua tano kwa mpigo. Kama hesabu inakubali, anzeni na moja. Mpeni mwanachama mwaminifu, na kila jioni aandike katika daftari kilomita, pesa za stima, abiria aliowakosa akichaji, na matengenezo. Mwekeni mwingine wa petroli aandike vilevile. Baada ya miezi mitatu mtakuwa na habari zenu wenyewe, na hakuna muuzaji atakayewadanganya. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Na wale wanaodhamini mkopo, wengi wao akina mama ambao dhamana yao ni ng'ombe na akiba ya miaka, waisikie hesabu hii yote kabla ya kuinua mkono. Ni haki yao.

Maswali ya kujadiliana

1. Hapa kwetu bodaboda huenda kilomita ngapi kwa siku? Nani amewahi kupima?
2. Kati ya kumiliki betri na kuikodi, ni ipi inayofaa kikundi chetu? Kwa nini?
3. Kijana akiugua mwezi mzima, mkopo utalipwaje?
4. Ni nani kati yetu anaweza kutumwa kujifunza ufundi wa mota na betri?
5. Tukiungana na vikundi vya jirani, tunaweza kuiomba kampuni ituletee kituo cha betri sokoni? Tuanzie wapi?

Andikeni majibu yenu katika kitabu cha kumbukumbu, myasome tena mkutano ujao.