Kuchagua bafle ndogo za sinema

Walimu wetu na wanafunzi wenzangu,

Mwezi uliopita ampli yetu iliungua katikati ya filamu. Kosa lilikuwa langu: nilifunga bafle mbili za omu 8 kwenye nyaya za bafle moja. Mbili zikifungwa sambamba zinakuwa omu 4, na umeme unapita mara mbili. Basi tujifunze.

1. Omu. Soma nyuma ya bafle, soma na nyuma ya ampli. Ampli inayotaka omu 8, usiipe 4.

2. Ukubwa. Katika mpango wa 5.1, bafle tatu zinakaa mbele, mbili pembeni ya watazamaji, na moja ni ya sauti nzito. Kwa sababu hiyo moja inabeba ngoma na radi, zile za pembeni zinaweza kuwa ndogo.

3. Mahali. Za pembeni zikae juu kidogo ya masikio. Usizitundike kwenye ukuta unaoloa: karatasi ya ndani inalegea, na mvua ya Kisangani hatuichezei.

Sasa tuko nachanga franka za ampli ingine. Tukifika sokoni, tuulize omu kwanza, bei nyuma. Mimi niliuliza bei tu.

Mkubwa wa wanafunzi