Mwanga, Maji na Mizizi ya Mmea wa Chunguni

Mtu anunuapo mmea wa pambo kwa mara ya kwanza, awe Nyasura au kwingineko mjini Bunda, aghalabu huuliza maswali matatu: auweke wapi, aumwagilie mara ngapi, na auhamishie lini katika chungu kikubwa zaidi. Maswali hayo yamefungamana. Kiasi cha maji yatumiwayo na mmea hutegemea sana mwanga unaoupata, na ukubwa wa chungu huamua ni maji kiasi gani yatabaki bila kutumika.

Jua la adhuhuri pasipo mawingu hutoa mwanga wa luksi 100,000 hivi. Ndani ya chumba, mita 3 kutoka dirishani, mara nyingi hazifiki luksi 500. Macho yetu hayalitambui pengo hilo, kwa kuwa mboni hupanuka mwanga upungukapo. Jani halina mboni. Ili kupima, nyosha kiganja sentimita 30 juu ya karatasi nyeupe, mahali palipokusudiwa, wakati wa adhuhuri. Kivuli kikiwa na kingo dhahiri, mwanga ni mwingi. Kikiwa hafifu, ni wa wastani. Kisipoonekana kabisa, mmea utaishi kwa kula akiba yake ya wanga mpaka iishe.

Vitabu vya bustani vilivyoandikwa Ulaya husifu dirisha linaloelekea kusini. Kwetu ushauri huo haufai. Nyasura ipo takriban nyuzi 2 kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini tangu katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, na upande wa kusini miezi mingine. Hata mwezi Juni haliinami zaidi ya nyuzi 26 kutoka utosini. Upenu wenye upana wa sentimita 60 hutia kivuli zaidi ya sentimita 120 za ukuta chini yake. Wanafunzi wakokotoe wenyewe kwa tanjenti. Madirisha yenye kupata jua la kutosha, basi, ni ya mashariki na magharibi, nami ningechagua la mashariki, maana jua la alasiri huunguza. Ua la Usambara, alilolikusanya Walter von Saint Paul-Illaire katika nchi yetu na ambalo lilipewa jina la Saintpaulia mwaka 1893, kwa asili huota kwenye miamba yenye kivuli. Dirisha la magharibi litaliua.

Sasa maji. Mimea mingi ya ndani hufa kwa kunyweshwa kupita kiasi. Mizizi hupumua, na oksijeni husambaa ndani ya maji polepole mara 10,000 kuliko hewani. Udongo ukijaa maji kwa siku nyingi, mizizi hukosa oksijeni, hushindwa kufyonza maji, kisha huoza. Hapo majani hunyauka ilhali udongo umelowa, na mwenye mmea, kwa huruma, huongeza maji! Mmea ulio pembeni pa chumba hutumia maji kidogo kuliko ule wa dirishani. Kuimwagilia yote miwili kila Jumamosi ni kosa. Ingiza kidole udongoni sentimita 3. Pakiwa na unyevu, subiri. Zamioculcas zamiifolia, mzaliwa wa Afrika Mashariki mwenye shina nene la chini ya ardhi linalohifadhi maji, huweza kusubiri wiki kadhaa.

Shuleni jambo hili hupimika. Chukua makopo mawili yenye mimea ya aina moja na udongo sawa, moja liwe dirishani, jingine pembeni, na uyapime kwa mizani kila asubuhi. Kila gramu inayopungua ni karibu sentimita 1 ya ujazo ya maji yaliyotoka.

Udongo mweusi wa mbuga, ushikao maji na kupasuka ukaukapo, usitumiwe peke yake. Uchanganywe na mchanga mnene na samadi iliyooza. Kopo litobolewe chini. Desturi ya kutandika kokoto chini ya udongo haisaidii: maji hung'ang'ania katika udongo laini juu ya kokoto, karibu zaidi na mizizi.

Kuhamisha kungoje mpaka mizizi ichungulie matunduni. Chungu kipya kizidi cha zamani kwa sentimita 3 hadi 5 za kipenyo tu, kwani udongo usiofikiwa na mizizi hubaki umelowa. Baada ya kuhamishwa, mmea ukae kivulini siku kama 10, hadi vinyweleo vya mizizi vilivyokatika viote upya.