Mama mwenye mimba na tansio ya juu

Ndugu mfanyakazi, ukurasa huu ni wako na wa bibi yako. Upeleke nyumbani, musome pamoja.

Mama mwenye tansio ya juu mara nyingi hasikii maumivu. Anapika bukari, anafua, anachota maji, kumbe damu inasukuma mishipa kupita kiasi. Kwa hiyo tunampima kila mara anapokuja konsultasio, hata akisema yeye ni mzima. Namba mbili zinaandikwa kwenye fishi yake. Ya juu ikifika 140, ao ya chini 90, tunapima tena na kumfuata karibu. Zikifika 160 ao 110, anakwenda hospitali siku ile ile. Mkojo nao unapimwa: tansio iliyopanda baada ya juma la 20, pamoja na protini katika mkojo, inaweza kuleta kifafa cha mimba. Kifafa hicho si uchawi wa jirani.

Nilimwona mama mmoja aliyepewa vidonge. Baada ya siku kumi kichwa kikaacha kuuma, naye akaacha vidonge. «Munganga, nilipona,» alisema. Alirudi amebebwa, macho yanaona giza. Aliokoka, lakini mtoto alizaliwa mbele ya wakati, mdogo sana. Vidonge vya tansio haviondoi ugonjwa, vinauzuia tu. Ukiviacha, unapanda tena. Wala usimeze vya mama mkwe: captopril na enalapril zinaharibu figo za mtoto tumboni. Munganga anatoa methyldopa ao nifedipine.

Mwenye tansio tangu zamani, ao aliyeipata katika mimba nyingine, aje mapema, miezi mitatu ikiisha. Munganga anaweza kumpa aspirini kidogo ya kila siku, inayopunguza hatari. Asijinunulie sokoni.

Chakula? Makayabo iloweke, maji uyamwage mara mbili. Kibe za supu zipunguze, zina chumvi nyingi. Maharagwe, lenga-lenga na sombe ni vizuri; ndakala mle pamoja na mifupa yake, ina kalsiamu. Lutuku na tumbako, hapana kabisa. Baba naye asivute ndani ya nyumba.

Kichwa kinachouma bila kuacha, macho kuona nyota, maumivu chini ya mbavu upande wa kuume, uso na mikono kuvimba gafula: njooni mara moja, hata usiku. Baba anayefanya kazi ya usiku apatane mbele na jirani mwenye pikipiki, aache na pesa nyumbani. Mama akianguka kifafa, mlaze upande wa kushoto. Usimtie kijiko mdomoni. Hospitali ina sindano ya manyeziamu. Utafiti wa mwaka 2002 katika nchi 33 ulionyesha kwamba inapunguza kifafa hicho kwa nusu.

Mtoto akizaliwa, hatari haijaisha. Kifafa kinaweza kuja hata siku kadhaa nyuma ya kuzaa. Mama arudi kupimwa katika juma la kwanza, tena baada ya majuma sita, na fishi yake mkononi.