Damu Nje ya Siku Zake: Mafunzo Niliyopata

Hapa Membley, Ruiru, mwanamke akiona matone ya damu siku ambazo hayakutarajiwa, huuliza kwa kunong'ona, saluni au mlangoni kwa jirani. Majibu huwa mawili: "Ni kawaida tu," au "Hiyo ni kansa." Yote mawili hunikera. Nimeiona damu hiyo mwilini mwangu, kwa jirani na kwa mama mkwe, na kila mara chanzo kilikuwa tofauti.

1. Njia ya kupanga uzazi huvuruga hedhi

Nilipoanza sindano ya miezi mitatu baada ya mtoto wa pili, nilikaa wiki nyingi nikiona madoa ya kahawia. Sikushtuka, kwa sababu sista wa kliniki alikuwa amenieleza mapema: "Mama, miezi ya kwanza damu itakuja bila mpangilio." Kijiti cha mkononi na koili huweza kufanya hivyo pia, na P2, kile kidonge cha dharura, na hata vidonge vya kila siku ukivisahau. Usiache njia kimyakimya kwa hofu, maana wengi walioacha hivyo walishtukia wana mimba. Rudi kliniki ubadilishiwe. Na kama ulikaa muda mrefu bila shida kisha damu ikaanza ghafla, hapo usiisingizie sindano, kapimwe.

2. Pima mimba, hata kama una hakika huna

Jirani yangu aliona damu kidogo tarehe zilezile za mwezi wake, akadhani ndiyo hedhi imekuja nyepesi. Siku chache baadaye akaanza kuumwa chini ya tumbo, upande mmoja, kisha kizunguzungu. Kipimo cha mkojo kikaonyesha mimba, na picha ikaonyesha imetunga kwenye mrija, nje ya mji wa mimba. Alifanyiwa upasuaji usiku huohuo, na yu hai.

Mrija ukipasuka, damu nyingi humwagika ndani ya tumbo huku pedi ikiwa karibu kavu. Maumivu huweza kupanda hadi kwenye ncha ya bega, mahali ambapo hakuna anayefikiria mimba. Mwanamke mwenye dalili hizi hapelekwi kwenye duka la dawa kununua dawa ya maumivu, wala haambiwi alale kwanza angoje asubuhi.

Karibu mjamzito mmoja kati ya wanne huona damu katika miezi mitatu ya kwanza, na wengi wao hujifungua salama. Hata hivyo, anayejua hivyo ni yule aliyepimwa. Mimba ikishakuwa kubwa, damu yoyote ni safari ya hospitali.

3. Uchache wa damu si dhamana

Mama mkwe alikuwa amemaliza hedhi miaka mingi. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, siku zangu zimerudi." Lilikuwa doa moja tu. Lakini hedhi ikishakauka miezi 12 mfululizo kwa sababu ya umri, damu itakayoonekana baadaye haihesabiwi kuwa hedhi, hata ikiwa tone.

Alisita sana. Kwa mwanamke wa umri wake, kumweleza daktari kijana mambo ya sehemu za siri ni mzigo mzito, na ninauheshimu mzigo huo. Nilimwomba niende naye, akakubali. Wakampiga picha kuangalia unene wa ukuta wa mji wa mimba, wakachukua na sampuli. Ilikuwa ngozi ya uke iliyokonda kwa kupungukiwa na homoni, akapewa krimu. Mara nyingi huwa hivyo. Ila saratani ya ukuta wa mji wa mimba nayo huanza kwa doa kama lile, na ikikamatwa hapo hutibika vizuri.

4. Damu baada ya tendo la ndoa isemwe

Huweza kuwa klamidia, kisonono au kinyama kidogo kisicho na madhara kwenye mlango wa kizazi. Huweza pia kuwa saratani ya mlango wa kizazi, mojawapo ya saratani zinazoua wanawake wengi zaidi Kenya. Chanzo chake ni virusi vya HPV, na Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 mwaka 2019. Ubaya wa saratani hii ni kwamba damu mara nyingi huja ugonjwa ukiwa umeshakua, ndiyo maana kipimo cha mlango wa kizazi hufanywa kabla ya dalili.

5. Nenda na maelezo

Tarehe, rangi, idadi ya pedi, dawa unazotumia, siku ya hedhi ya mwisho. Mimi huandika kwenye simu.

Ukilowesha pedi nzima kwa saa moja, ukizimia, au ukiwa mjamzito mwenye maumivu makali, nenda saa hiyohiyo: Hospitali ya Ruiru Level 4 iko karibu, na ya Thika Level 5 iko mbele zaidi. Na wewe uliyefikisha miaka 25 bila kupimwa mlango wa kizazi hata mara moja, tafadhali kaulizie kipimo hicho wiki hii, na umchukue dada yako au mama yako mwende pamoja.